Huruma na Ujira: Sura ya Muuguzi katika Maandishi

Swali la makala haya si langu. Liliulizwa na mwanafunzi mmoja katika darasa la ushairi, siku tulipokuwa tukisoma utendi wa Mwana Kupona. Tulikuwa tumefika pale mwanzoni ambapo mama aliye mgonjwa amwita binti yake asogee karibu, alete wino na karatasi. Mwanafunzi huyo, ambaye mama yake ni muuguzi wa hospitali, alisimama akasema: "Mwalimu, binti huyu aliyeketi karibu na kitanda cha mama yake, na muuguzi wa wodini alipwaye kila mwisho wa mwezi, je, wanafanya kazi moja au kazi mbili?" Darasa liligawanyika papo hapo. Wengine walishika kwamba ni kazi moja, na kwamba asiyeifanya kwa huruma asiitwe muuguzi. Wengine walishika kwamba huruma haijazi chungu, na kwamba muuguzi ni mtenda kazi kama mtenda kazi mwingine ye yote. Kipindi kilikwisha kabla hapajapatikana mshindi.

Nilirudi nyumbani na jambo moja moyoni. Katika maneno mengi yaliyosemwa siku ile, ni machache mno yaliyotoka wodini. Waliosifu huruma walimtaja mwanamke mwenye taa. Waliotetea mshahara walionywa na wenzao wasije wakatufanya sote tuuguzwe na watu wa kukodiwa wasio na imani. Taa ile na mtu yule wa kukodiwa ni sura za vitabuni. Tumezirithi, wengi wetu pasipo kuvisoma vitabu vyenyewe, nasi twazitumia kuwahukumu watu walio hai. Kazi ya mhakiki ni kuyarudia maandishi na kuuliza kama kweli yanasema yale tunayoyasemesha, na hiyo ndiyo kazi nitakayoijaribu hapa. Wala si kazi ya anasa. Wauguzi wa hospitali za umma nchini Kenya walipogoma mwaka wa 2017, tangu Juni hata mwanzo wa Novemba, mojawapo ya maneno waliyotupiwa lilikuwa hili: kwamba uuguzi ni wito. Neno likitumika kumnyamazisha mtu anayedai chakula cha watoto wake, yafaa tujue lilikotoka.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwa kuwa lugha hutunza kumbukumbu ambazo wasemaji wake wamezisahau. Mzizi ni kuugua. Kutokana nao twapata kuuguza, yaani kumtunza mgonjwa, na kutokana na kuuguza twapata muuguzi. Lakini liko umbo jingine ambalo wanafunzi hulipita bila kulitazama, nalo ni kuuguliwa. Mtu asemapo, "Mwezi huu nimeuguliwa," hasemi kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Asema kwamba nyumbani mwake mna mgonjwa, na kwamba maradhi yale yamemwangukia yeye pia, kama vile aliyefiwa aangukiwavyo na kifo cha mwenziwe. Katika sarufi yetu, basi, kufiwa na kuuguliwa ni ndugu. Lugha yamtia mtunzaji ndani ya maradhi; haimwachi asimame mlangoni.

Neno nesi ni la asili nyingine. Hili lilikuja pamoja na hospitali, na sare, na zamu, na daftari la dawa, na mshahara. Muuguzi wa lugha ya zamani aweza kuwa mtu ye yote aliyeuguliwa: mke, dada, shangazi, au jirani mwenye moyo mwema. Nesi ni mtu aliyeisomea kazi yake, akafanya mtihani, akapewa cheti. Kwa muda mrefu sasa twatumia neno muuguzi kwa wote wawili, na katika maandishi rasmi neno hilo limelishinda lile la kigeni. Silalamiki, ni neno zuri. Lakini naona kwamba ndani ya neno hili moja tumefunga madai mawili. Tumwitapo mtumishi wa hospitali muuguzi, twataka atuuguze kama mtu aliyeuguliwa, yaani kama ndugu. Kisha twashangaa akidai haki ya mtu aliyeisomea kazi.

Baada ya neno, tutazame sura. Ya kwanza ni ile ya mtu wa kukodiwa. Aliyeichora kuliko wote ni Charles Dickens, katika riwaya yake Martin Chuzzlewit, iliyotolewa sehemu kwa sehemu tangu 1843 hata 1844. Humo yumo Bibi Sairey Gamp wa London, mwanamke mnene mwenye mwavuli mkuukuu, ambaye sifa zake zilienea hata Waingereza wakawa wauita mwavuli kwa jina lake. Kazi zake ni kuuguza wagonjwa, kuzalisha, na kuandaa maiti. Hutaka chupa iwekwe mahali pa karibu apate kuonja apendapo. Akabidhiwa kijana mwenye homa kali. Amwondolea mto wake ili yeye akae vizuri kitini, amkaba koo ili ameze dawa, na usiku mmoja amlaza mikono ubavuni apate kuona jinsi atakavyopendeza akiwa maiti. Baadaye Dickens alieleza katika dibaji kwamba huyu alikuwa mfano wa kweli wa mtu aliyekodiwa siku zile kuwauguza maskini.

Aghalabu sura hii husomwa kana kwamba yasema: tazameni, mtu akiuguza kwa ajili ya fedha huwa hivi. Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba Dickens hakuandika hivyo. Bibi Gamp ana bei zake: peni 18 kwa siku kwa watu wa kazi, shilingi 3 na peni 6 kwa mabwana, na kukesha ni malipo ya ziada. Bei hizo hazifichi. Anachokificha ni kingine. Kila ajisifupo humtaja rafiki yake Bibi Harris, ambaye hapana mtu aliyepata kumwona, naye humtilia rafiki huyo wa kubuni maneno kinywani. Katika mazungumzo hayo ya uongo Bibi Gamp hujigamba kwamba lau angaliweza, angaliwahudumia wanadamu wote bure, kwa jinsi awapendavyo. Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Muuguzi mbaya kuliko wote tuwajuao katika riwaya ndiye anenaye huruma kuliko wote. Kicheko cha Dickens hakikuulenga ujira. Kililenga huruma ya mdomoni, ile itajwayo ili mgonjwa na jamaa zake wasiulize kazi imefanywaje.

Tena kuna jambo ambalo riwaya yalionyesha bila kulitaja. Hapana mtu aliyemfundisha Bibi Gamp kazi yake, wala hapana amsimamiaye usiku. Wanaomkodi wataka mtu wa kukaa na mgonjwa ili wao wapate kulala, na wakishampata hawaulizi zaidi. Ubaya wake ulitokana na ujinga ambao jamii nzima iliuridhia kwa kuwa ulikuwa rahisi. Mwenye kusema kwamba Bibi Gamp aliharibiwa na fedha hana budi kueleza jinsi peni 18 zilivyoweza kuharibu mtu.

Sura ya pili ni ya taa. Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka wa 1820 na kufa 1910, alifika Scutari, upande wa Asia wa mji wa Istanbul, Novemba 1854, pamoja na wanawake 38, kuwatunza askari wa Kiingereza wa vita vya Crimea. Miezi michache baadaye magazeti ya London yalimwonyesha akipita usiku na taa mkononi, na mwaka wa 1857 mshairi wa Marekani, Longfellow, akamtungia shairi. Tangu hapo mwanamke na taa hawakuachana. Wachoraji wengi walimpa taa ya mafuta ya namna ya Kiyunani, yenye mdomo na mkono wa kushikia. Taa yenyewe ilikuwa fanusi ya Kituruki, ya kutiliwa mshumaa, yenye kukunjika. Nalitumia neno fanusi kwa makusudi, maana ndilo neno la Waturuki wenyewe, nasi watu wa pwani tunalo lile lile. Fanusi ni chombo cha kazi. Hununuliwa sokoni, huwashwa ili mtu aone mgonjwa yuko katika hali gani, na ili asijikwae. Taa ya wachoraji kazi yake ni nyingine: yaumulika uso wa mwenye kuichukua, tupate kumwona kuwa mtakatifu.

Sasa tukifungue kitabu alichokiandika mwenyewe, Notes on Nursing, cha mwaka wa 1859. Msomaji atazamiaye machozi hatayapata. Sura ya kwanza ni ya hewa na joto la chumba. Zafuata sura za afya ya nyumba, kelele, chakula, kitanda na matandiko, mwanga, usafi wa kuta, usafi wa mwili, na namna ya kumwangalia mgonjwa. Iko sura nzima ya kuwakemea wageni wampao mgonjwa matumaini ya ovyo na mashauri yasiyoulizwa. Iko nyingine ifundishayo kwamba jambo alitendalo muuguzi akiwapo, yampasa alipange litendeke hata akiwa hayupo. Mwishoni mwa kitabu mwandishi awageukia watunzi wa riwaya wa zamani zake. Awalaumu kwa kubuni wanawake waliovunjika mioyo katika mapenzi, wakimbiliao hospitali za vita na kufanywa mashujaa wa uuguzi. Tena akataa kabisa kwamba mtu asiyefaa kwa kazi nyingine atafaa kwa hii. Asema kwamba wanaume, hata madaktari, wakiulizwa muuguzi awe mtu wa namna gani, hawana jibu ila kwamba awe mwenye kujitolea na mwenye kutii. Sifa hizo, aona yeye, zingemtosha mchukuzi wa mizigo, na pengine hata farasi.

Mwenye taa, basi, ndiye wa kwanza kutukatalia kwamba huruma yatosha. Na hakulisema hilo kwa kukosa huruma. Alilisema kwa kuwa aliona. Katika majira ya baridi ya 1854 na 1855 vifo vya Scutari havikupungua kwa kuja kwake. Vilizidi, na Februari 1855 vilikuwa vingi kupita kiasi, wengi wakifa kwa maradhi na wala si kwa majeraha. Vilianza kushuka sana baada ya tume ya afya kufika mwezi wa Machi, ikazibua mifereji ya uchafu iliyopita chini ya hospitali na kuingiza hewa. Askari walipendwa na wakafa. Mifereji iliposafishwa wakaanza kupona. Vita vilipokwisha Nightingale alizikusanya hesabu za vifo, akazichora, akazitumia kuwashtaki wakubwa wa jeshi. Katika wanawake wale 38, kumi na wanne walikuwa wauguzi wa hospitali walioandikwa kwa mshahara, na waliobaki walitoka katika jumuiya za dini. Makosa yalionekana pande zote mbili. Baadhi ya waliolipwa walirudishwa kwao kwa ulevi. Na juu ya baadhi ya watawa alilalamika kwamba walizifariji roho za wagonjwa na kuiacha miili yao michafu. Kama tungetaka kuamua swali la wanafunzi wangu kwa ushahidi wa Scutari, tungeona kwamba si mshahara wala si utawa uliowatenga wema na wabaya. Kilichowatenga ni kujua kazi na kuitenda.

Yafaa pia tuseme juu ya kipato cha Nightingale mwenyewe, jambo ambalo wenye kumsifu hulipitia mbali. Mwaka wa 1853, kabla ya vita, aliisimamia hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Harley, London, wala hakupokea mshahara. Lakini mwaka ule ule baba yake alimpangia paundi 500 kila mwaka. Huruma yake haikuwa na shaka, ila ilikuwa imekwisha kula. Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Naye, kwa sifa yake, alijitahidi kumjua. Shule ya wauguzi iliyofunguliwa mwaka wa 1860 katika hospitali ya St Thomas', kwa fedha ambazo watu walichanga kwa heshima yake, iliwapa wanafunzi chakula, malazi, nguo na posho. Hakuijenga shule ile juu ya wanawake wenye baba matajiri.

Sura ya tatu haijulikani sana kwetu, nayo ndiyo inisaidiayo kuliko zote. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka wa 1805, binti wa askari wa Kiskoti na mama mweusi aliyekuwa na nyumba ya wageni na aliyejua dawa za miti. Alijifunza kwa mama yake mambo yote mawili, dawa na nyumba ya wageni, wala hakupata kuyatenganisha. Vita vya Crimea vilipoanza alikwenda London kuomba apelekwe pamoja na wauguzi. Alikataliwa mlango hata mlango, naye ajiuliza katika kitabu chake kama sababu haikuwa rangi ya ngozi yake. Akajilipia nauli. Mwaka wa 1855, karibu na Balaclava, alijenga nyumba aliyoiita British Hotel, akauza chakula, vinywaji na bidhaa kwa maofisa, akatibu askari kwa dawa zake, na akawanywesha chai majeruhi waliokuwa wakingoja bandarini kupakiwa melini. Vita vilipokwisha ghafla mwaka wa 1856 alibaki na shehena isiyo mnunuzi, akauza kwa hasara, akarudi Uingereza akiwa amefilisika. Mwaka wa 1857 alitoa kitabu cha maisha yake, Wonderful Adventures of Mrs Seacole in Many Lands, ili apate kulipa madeni.

Ninalolipenda katika kitabu hiki ni kwamba mwandishi hatengi chumba cha huruma na chumba cha hesabu. Katika ukurasa mmoja amshika mkono kijana anayekufa na kumwita mwana; katika ukurasa wa pili atueleza mizigo iliyoibwa na bei ya vitu. Asimulia jinsi alivyoshika nyundo na kuvunja chupa za mvinyo kuliko kuwaachia Warusi bure, kisha arudia habari za wagonjwa, wala sauti yake haibadiliki. Mwenye uwezo alimtoza. Asiye nacho alimtibu. Haombi radhi kwa la kwanza, wala hajivuni kwa la pili. Wasomaji wa baadaye hawakujua wamweke wapi. Wengine walimwita mchuuzi aliyejisingizia uuguzi. Wengine, kwa kumtetea, walificha duka lake na kumfanya malaika. Wote wawili wamlazimisha achague kitu ambacho yeye hakukichagua. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka wa 2016 katika uwanja wa hospitali ile ile ya St Thomas', na ubishi haukukoma. Nadhani hautakoma mpaka tukubali kwamba mwanamke aweza kuandika deni kwa mkono wa kulia, akapangusa jasho la mgonjwa kwa mkono wa kushoto, na mikono yote miwili ikawa yake.

Sasa turudi kwa Mwana Kupona, ambako swali lilianzia. Utendi wake husemwa kuwa ni wa karibu na mwaka wa 1858, yaani ulitungwa katikati ya vitabu viwili nilivyovitaja, kile cha 1857 na kile cha 1859. Wanawake watatu, katika muda wa miaka kama mitatu, waliandika mambo yaliyotoka karibu na kitanda cha mgonjwa. Wawili waliandika wakiwa watunzaji. Mwana Kupona alitunga akiwa mgonjwa, na mtunzaji ni yule binti aliyeambiwa asogee.

Mtu aweza kudhani kwamba hapa, ndani ya nyumba, pasipo mshahara wala sare, ndipo tutakapoipata huruma tupu isiyo malipo. Lakini utendi wausomwapo kwa makini hausemi hivyo. Mama amfunza binti wajibu: kwa Mungu, kwa Mtume, kwa wazazi, kwa mume. Amweleza jinsi ya kumhudumia mume alalapo na aamkapo. Na kila huduma ina malipo yake, maana radhi ya mume yaambatana na pepo. Hata mama mwenyewe, kwa wosia huu, amlipa binti kwa kitu cha thamani kuliko alichokuwa nacho, yaani maneno yake. Huduma ya nyumbani haikuwa bure. Ililipwa kwa radhi, kwa dua, kwa urithi, na kwa tumaini kwamba mwenye kuuguza leo atauguzwa kesho. Malipo hayo yalitosha pale ambapo aliyehudumiwa na aliyehudumu walikuwa nyumba moja na ukoo mmoja. Muuguzi wa wodi hana urithi kwa wagonjwa wake. Wengi wao hatawaona tena. Tukiyaondoa malipo ya nyumbani, na ya hospitali tukiyaona haya, tumemwachia nini?

Hapa ndipo naona kosa la swali lenyewe, jinsi liulizwavyo siku zote. Limechanganya mambo mawili. La kwanza ni nini kimsukumacho mtu moyoni. La pili ni nini anachodaiwa na anachodai. La kwanza hatuwezi kulijua kwa hakika, maana moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na mara nyingi hata mwenyewe hajui. La pili laweza kujulikana, kupimwa na kuandikwa katika mkataba. Nasi twatumia la kwanza, tusilolijua, kuliamua la pili, tulijualo. Tena twamtendea muuguzi hivyo na si wengine. Mimi hulipwa kila mwezi kwa kusoma tenzi nizipendazo, wala sijaambiwa hata siku moja kwamba mshahara wangu ni ushahidi wa kutoupenda ushairi. Hakimu haambiwi kwamba akilipwa ataacha kuipenda haki. Wanaotakiwa kuthibitisha upendo wao kwa njaa ni wale ambao kazi yao ilifanywa zamani na wanawake nyumbani, muuguzi, mkunga na yaya. Na sidhani kwamba hilo ni jambo la bahati.

Wako watakaonipinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema: karani akigoma, faili hungoja, muuguzi akigoma, mgonjwa hangoji. Katika miezi ile ya 2017 walioumia zaidi hawakuwa wakubwa waliokuwa na fedha ya kwenda hospitali za watu binafsi. Walikuwa mama wajawazito wa vijijini na watoto waliohitaji chanjo. Hili ni kweli, na mhakiki alifichaye kwa kuwapenda wauguzi amewatendea ubaya, maana wao wenyewe walilijua kuliko mtu ye yote. Kazi hii ina deni ambalo kazi nyingi hazina. Lakini tuitazame hoja hii inaelekea wapi. Yasema kwamba muuguzi hawezi kuondoka kwa kuwa mgonjwa atateseka. Basi mwenye kumwajiri, akilijua hilo, aweza kuchelewesha alichoahidi mwezi baada ya mwezi, akitegemea kwamba huruma ya mwenziwe itaziba pengo. Hapo huruma imekuwa dhamana iliyowekwa na mtu mmoja na kuliwa na mwingine. Kama mgonjwa asiachwe, na mimi nasema asiachwe, neno hilo laanza kumfunga mwenye hazina kabla ya kumfunga mwenye fanusi.

Wala sitaki kusema kwamba ujira ndio wote. Miaka kadhaa iliyopita niliuguliwa. Baba yangu alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nami nilikesha karibu naye siku nyingi. Wodi nzima ilikuwa na wauguzi wawili usiku. Mmoja wao, mama wa makamo, kila baada ya muda alikuja kumgeuza baba ili mgongo usipate vidonda. Usiku mmoja zamu yake ilikwisha, akavua kizibao chake, akatoka, kisha akarudi kutoka mlangoni, akamgeuza mara moja zaidi, akasema, "Mwenzangu amezidiwa kule, baba yetu asisahauliwe." Nilitaka kumpa kitu. Alikataa, akaniambia, "Mwanangu, mimi nina mshahara, ila haujaja mwezi wa pili huu. Ukitaka kunisaidia, waulize hao wakubwa." Alisema akicheka, lakini hakuwa akitania.

Maneno yale nimeyafikiri mara nyingi. Alirudi kwa huruma, jambo lisilo na shaka kwangu, kwani hapana mkataba uliomrudisha kutoka mlangoni. Naye alikataa fedha yangu kwa sababu hakutaka huruma ile ilipwe. Tena hapo hapo, kwa pumzi ile ile, akadai mshahara wake, kwa sababu hakutaka kazi yake iwe sadaka. Hakuona mgongano wo wote kati ya mambo hayo mawili. Mgongano uliokuwapo ulikuwa wetu, tuliolelewa kwa sura mbili na kudhani hakuna ya tatu.

Basi nitamjibu mwanafunzi wangu, ingawa nimechelewa. Kazi ni moja: mwili wa mgonjwa haujui kama mkono uugeuzao ni wa binti au wa mtumishi, wajua tu kama mkono ule umejua kugeuza. Lakini madeni ni mbalimbali. Binti wa Mwana Kupona alikuwa akimtunza mama yake, naye alilipwa kwa wosia ambao twausoma hata leo. Mama yako, mwanafunzi wangu, huwatunza mama wa watu wengine, na wosia wao hatausikia. Deni lake liko kwetu, na lina tarehe ya kulipwa. Tukilikumbusha kwa wakati, hatutakuwa tumeipunguzia huruma yake kitu cho chote.